UZI: Kabla hujasema "watu wa Tanga hawana elimu ya afya", soma kwanza utafiti uliofanyika hapahapa Korogwe na Muheza

MwanaMakorora (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, na wa pwani wenzangu salaam aleikum. Uzi mrefu kidogo naomba mnivumilie.

Kuna jambo linaniuma muda sasa. Kila kikao cha afya, kiwe cha kata au cha wilaya, akisimama mtu kueleza kwanini mama kajifungulia nyumbani au kwanini mzee kaletwa hospitali hali ishakuwa mbaya, neno la kwanza ni "wananchi wetu hawana elimu" na la pili "imani potofu", afu pendekezo ni lilelile, elimu itolewe. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, natembea nyumba kwa nyumba huku mjini mpaka vijiji vya njia ya Pangani, na ninachokisikia kwenye vibaraza vya watu sicho kinachosemwa kwenye vile vikao. Watu wanajua. Mama anakutajia dalili za hatari za mimba kuliko hata bango lililobandikwa kliniki, kuvimba uso, kutokwa damu, kichwa kinachouma hakiachi, mtoto kutocheza, zote anazo kichwani. Bado akajifungulia nyumbani. Sasa hapo elimu gani tena unataka kumpa?

Nikaanza kutafuta watu waliolifanyia utafiti wa kweli hili suala la binadamu anavyofikia uamuzi kuhusu afya yake, na nilichokuta kimefanyika hapahapa mkoani kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani kwa kushirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara waliingia Korogwe na Muheza, vituo vinane, wakawahoji kina mama 1,779 waliotoka kujifungua. Maswali ya moja kwa moja: ulifokewa? ulipuuzwa ulipoita msaada? ulisemwa maneno ya kukudhalilisha? Wakati mama anatoka kituoni, kama asilimia 19 walisema ndiyo nilitendewa vibaya. Haya, wiki chache baadaye wakawafuata kina mama 593 kati ya haohao majumbani kwao, wakauliza tena yaleyale. Safari hii waliosema ndiyo wakafika asilimia 28.

Hebu soma tena hapo. Ni kina mama wa kundi lilelile na leba ni ileile, kilichobadilika ni mahali anapoulizwa. Pale getini bado ana kichanga mkononi, kadi ya kliniki anaweza kuihitaji kesho, na nesi aliyemfokea yuko mlango wa pili, nani atasema? Akifika kwake, kakaa kwenye mkeka na mama yake yuko jikoni, ndo anasema.

Na watafiti haohao wakaona kwamba mama aliyetendewa vibaya anakuwa mgumu kusema atarudi kituo kile mimba ijayo. Huyo hajakosa elimu. Kapata taarifa, tena taarifa ya uhakika kuliko ya bango, kwa mwili wake mwenyewe, akaitumia.

Kuna utafiti mwingine wa Kasulu kule Kigoma, ulitoka 2009, kina mama 1,203. Huu naupenda kwa namna walivyouliza. Hawakumuuliza mtu "unapenda kujifungulia wapi", coz ukimuuliza hivo atakujibu unachotaka kusikia. Walimwekea vituo viwili vya kubuni mbele yake, kimoja kiko karibu lakini mhudumu mkali, kingine mbali lakini mhudumu ana lugha nzuri, au kimoja bure ila dawa hamna, kingine cha kulipia ila vifaa vipo, afu anachagua, wanabadilisha anachagua tena. Ukimchagulisha mtu hivyo mara nyingi utajua anachokithamini kweli hata kama mwenyewe hajawahi kukitamka. Umbali ulipimwa, gharama ilipimwa, usafiri wa bure ulipimwa. Vilivyovuta zaidi ni viwili: mhudumu mwenye heshima, na kituo chenye dawa na vifaa.

Yani mwanamke wa kijijini kabisa, ukimpa nafasi ya kuchagua, anachagua kama ambavyo mimi na wewe tungechagua.

Nakaribisha michango, hasa wenye uzoefu wa mikoa ya pwani.

---

Mzee wa Raskazone

Binti umeandika vizuri lakini usiende mbali sana. Mimi nimezaliwa Tanga nimezeekea Tanga. Watu wanapeleka mgonjwa kwa mganga kwanza, akishindikana ndo hospitali. Hilo nalo utaliitaje kama sio elimu?

---

MwanaMakorora

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kuchangia.

Sikatai kwamba wapo wanaoanzia kwa mganga. Nauliza ni wangapi, coz hapo ndo tunapotumia macho badala ya hesabu. Rufiji walifanya kitu kigumu sana, utafiti ulitoka 2004. Walifuatilia vifo 320 vya malaria, kwa kila kifo wakarudi nyumbani kuuliza familia ilikwenda wapi kwanza. Karibu asilimia 79 walianzia kwenye tiba za kisasa. Waliokwenda kwanza kwa tiba za asili hawakufika asilimia 10. Waliobaki hawakupata tiba yoyote.

Na hawa ni waliokufa, mzee wangu. Kama kuna mahali ungetegemea kukuta mganga amejaa ni hapo. Kwa hiyo wengi walifanya kile tulichowaambia wafanye na bado tukawapoteza, maana yake swali ni walifika lini, walipewa dawa gani, na walipofika walimkuta nani.

---

Mzee wa Raskazone

Marahaba. Hiyo ya Rufiji sikuijua. Endelea.

---

Kijana wa Dunda

Naongea kutoka Bagamoyo. Dada upo sahihi ila kuna kipande nataka kuongeza kuhusu degedege maana huku kwetu ndo kulifanyiwa utafiti mkubwa miaka ya tisini, wilaya nzima ya Bagamoyo, na matokeo yakachapishwa 1996.

Kilichoonekana wakati ule ni kwamba watu walijua vizuri homa ya malaria, ila waliihesabu kama homa ya kawaida, mtu unakunywa dawa unaendelea na shughuli. Degedege ikawa kitu kingine kabisa, mtoto anakakamaa macho yanageuka, hiyo iliwekwa upande wa mashetani. Na watu waliogopa sana sindano, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Kwa hiyo kwanza apozwe kienyeji, afukizwe, akishatulia ndo apelekwe hospitali.

Sasa jiulize hiyo hofu ya sindano ilitoka wapi. Mtoto aliyefikishwa hospitali kachelewa, malaria ishapanda kichwani, anachomwa kwinini, anafariki usiku ule. Jirani ameona nini? Ameona sindano na ameona kifo. Bibi yangu alikuwa na msimamo huo na hakuna mtu angemwita mjinga, alikuwa amekusanya ushahidi wa miaka mingi wa mtaa mzima, tatizo hakuna aliyemuonyesha watoto waliowahishwa wakapona, maana mtoto aliyepona anarudi nyumbani anacheza, hana hadithi.

Saivi mambo yamebadilika sana huku. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe pia, na nchi nyingine, watoto zaidi ya 15,000 jumla, WHO wakaipendekeza Oktoba 2021. Mwanzoni maneno yalikuwepo ya mumiani, wanachukua damu ya watoto wanaenda kuuza. Kilichozima yale maneno kwa tulioyaona sio gari la matangazo. Mama wa nyumba ya pili akipeleka mwanawe, akiugua usiku anapokelewa, wewe unaona kwa macho yako, unapeleka wa kwako.

---

MwanaMakorora

Kijana wa Dunda umenifungua, hasa hapo pa "mtoto aliyepona hana hadithi". Watafiti wa maamuzi wanalisema hili kwa wanadamu wote, wasomi na wasiosoma, kwamba tukio la kutisha ulilolishuhudia linakaa mbele kichwani kuliko mia moja ya kawaida. Daktari bingwa naye akishampoteza mgonjwa mmoja kwa dawa fulani anaanza kuiogopa ile dawa.

---

Nesi wa zamu ya usiku

Nimesoma kimya kimya sasa nimeshindwa. Mimi ni mkunga, kituo sikitaji.

Hizo takwimu za Korogwe na Muheza sizipingi. Ila mjue upande wa pili. Usiku uko peke yako, kina mama wanne wako leba kwa pamoja, mmoja anasukuma, mmoja anatoka damu, wa tatu ndugu zake wako mlangoni wanapiga kelele, glovu zimebaki za kuhesabu. Unamwambia mtu "nyamaza kwanza" kwa sauti ambayo na wewe mwenyewe huipendi. Asubuhi unaitwa mkatili. Sitetei kufokea mtu, nasema mtu aliyechoka na kuogopa kwamba mama atamfia mikononi anaamua vibaya pia. Mkitafiti maamuzi ya wagonjwa mtafiti na ya kwetu.

---

MwanaMakorora

Da mkubwa pole sana na asante kwa kazi, na nakuomba usitoke kwenye huu uzi.

Unachosema kilifanyiwa kazi. Wilaya hizohizo mbili wakajaribu mpango, hospitali moja ikapata mpango nyingine ikabaki ya kulinganishia. Hawakuwaita manesi kuwasema. Waliwakalisha jamii na watumishi pamoja wakaandika mkataba wa huduma, mgonjwa ana haki zipi na mtumishi naye anastahili nini, afu ndani ya hospitali wahudumu wenyewe wakatafuta nini kinawafanya wafike pale pa kufoka na wakarekebisha kinachowezekana kwa uwezo wao. Matokeo yalichapishwa 2017, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulishuka kwa asilimia 66 ukilinganisha na kule ambako mpango haukwenda. Asilimia 66! Mimi hii namba ningependa ibandikwe kila ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.

---

Bodaboda Pongwe

Wakuu mimi sio mtu wa afya, mimi nabeba abiria. Ila wajawazito nimebeba wengi na niwaambie kitu, mara nyingi mama anaponipigia ameshaamua zamani sana, anayesubiriwa ni mwingine. Hela iko kwenye simu ya mume na mume yuko baharini, au mama mkwe anasema subiri kwanza uchungu wa mimba ya kwanza huwa mrefu, au mfuko haujakamilika. Huo mfuko ndo balaa. Beseni, mpira wa kuzalia, pamba, glovu, uzi wa kufungia kitovu, kanga zisizopungua doti mbili, na kanga zenyewe ziwe za maana. Kuna dada mmoja nilimfuata saa nane usiku, kakaa kitandani anapanga kanga anazitoa anazirudisha, anasema hizi zimechakaa nitachekwa kule, nenda kwa shoga yangu kaniazimie. Uchungu umemkamata na anafikiria kanga. Nikaenda nikaleta. Tuliwahi, alhamdulillah.

---

MwanaMakorora

Hapo umetoa somo zima kaka.

1994 kuna watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba vifo vya uzazi vinapitia kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Watu wengi wanasoma ile ya kwanza wanadhani ni ya mama peke yake kichwani mwake. Hapana. Ile ya tatu inarudi nyuma inaizaa ya kwanza. Kama kijiji kizima kinajua kwamba ukifika kule utakaa kwenye benchi na utaambiwa kanunue dawa nje, basi kikao cha nyumbani kinakuwa kirefu, kila mtu anapima kama inafaa kutumia hela ya boda usiku ule. Na huyo dada wa kanga hakuwa na upuuzi wowote, alikuwa anapima atapokelewaje, kilekile walichokipima Kasulu.

Haki isemwe, nchi imesogea. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha asilimia 63 ya uzazi unafanyika vituoni, wa 2022 ukaonyesha 81. Vifo vya uzazi kwenye tafiti hizohizo vilitoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104. Vituo vimejengwa, vyumba vya upasuaji vimesogea hadi vituo vya afya vya kata. Ulipoongezeka uwezekano wa kuhudumiwa, watu wakaja.

---

Mama Zuhura wa Mikanjuni

Jamani samahani natoka nje kidogo ya mada ya uzazi. Baba yangu ana tezi dume, dokta kasema upasuaji. Kwenye familia tumegawanyika. Kaka kaongea na dokta karudi anasema "wengi wanapona". Mdogo wangu kaongea na daktari mwingine karudi anasema "kuna wanaokufa mezani". Baba mwenyewe kanyamaza. Tunaamuaje?

---

MwanaMakorora

Mama Zuhura hujatoka nje hata kidogo, uko katikati ya mada, na mzee Mungu ampe afya.

1982 Marekani walifanya jaribio, likachapishwa kwenye jarida kubwa la madaktari. Waliwapa watu chaguo la kutibu saratani ya mapafu, upasuaji au mionzi. Kundi moja wakaambiwa katika upasuaji, mwezi wa kwanza wanaobaki hai ni 90 kati ya 100. Kundi la pili wakaambiwa mwezi wa kwanza wanaokufa ni 10 kati ya 100. Ni hesabu ileile. Ilipotajwa kwa kuishi, madaktari 84 kati ya kila 100 walichagua upasuaji. Ilipotajwa kwa kufa wakashuka mpaka 50. Madaktari hao, waliosomea. Kwa hiyo kaka yako na mdogo wako inawezekana wameambiwa jambo moja na wamerudi na maneno mawili, na mkigombana mtagombana bure.

Na kuna la pili. Uingereza, Oktoba 1995, mamlaka ilitangaza kwamba vidonge fulani vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza hatari ya damu kuganda kwa asilimia 100. Wanawake wakavitupa. Ukweli wenyewe hatari ilitoka mwanamke 1 kati ya 7,000 ikawa 2 kati ya 7,000. Mwaka uliofuata mimba zilizotolewa England na Wales zikaongezeka kama 13,000, na mimba yenyewe ina hatari ya damu kuganda kuliko hivyo vidonge. Asilimia bila kuambiwa "kutoka ngapi kwenda ngapi" inaumiza watu.

Nikushauri hivi. Nendeni wote pamoja na baba, msitumane. Muombeni dokta aseme kwa watu 100 wa umri wa baba wenye hali kama yake (ana presha? ana sukari?), wangapi wanatoka salama, wangapi wanapata shida na shida gani, kukojoa bila kujizuia, mambo ya ndoa, damu. Yote mawili, waliopona na waliopata shida, kwa mkupuo mmoja. Afu muulizeni tusipofanya kitu je, au tukianza na vidonge, mwaka mmoja baba atakuwa wapi? Watu wengi wanasahau hili la mwisho, wanadhani kutofanya kitu hakuna hatari. Na awepo mtu wa kumuuliza baba, sio kumwambia. Mzee akinyamaza kwetu huku watu wanadhani kakubali.

---

Mama Zuhura wa Mikanjuni

Ahsante sana mwanangu. Amenyamaza kwa sababu anaogopa kuwa mzigo wa hela, mimi namjua. Kadi ya bima tunayo ila sijui kama inafika huko.

---

Nesi wa zamu ya usiku

Mama Zuhura, kabla ya siku ya kumuona dokta piteni dirisha la bima la hiyo hospitali na kadi yenu, muulize upasuaji huo unalipiwa chote au sehemu, na kama kadi ni ya CHF iliyoboreshwa (ule mfuko wa afya ya jamii) muulize kuhusu rufaa, maana ukianzia juu bila karatasi ya rufaa watakugomea. Ukishapata namba ya shilingi mwambie mzee mwenyewe. Wazee wengi wakijua ni kiasi gani na kiko wapi wanaongea.

---

Mzee wa Raskazone

Naungana na nesi. Na mimi nilikataa upasuaji wa mshipa miaka kadhaa, hakuna aliyeniuliza kwanini, wote walidhani naogopa kisu. Sikuogopa kisu. Sikutaka kulala wodini nisiwe na mtu wa kunishika kwenda msalani. Mwanangu wa kiume alipopata likizo nikaenda siku ileile. Muulizeni baba na hilo.

---

Bodaboda Pongwe

MwanaMakorora, swali la mwisho kwangu. Mbona chanjo za watoto watu wanakubali ila tarehe ya pili na ya tatu wanapotea? Huku kwetu naona sana.

---

MwanaMakorora

Kaka, kule India wilaya ya Udaipur walijaribu hilo, matokeo yalitoka 2010. Vijiji vya kawaida watoto waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 6. Walipoleta kambi ya chanjo inayofika kila mwezi bila kukosa, asilimia 18. Walipoongeza kilo moja ya dengu kila unapoleta mtoto, na seti ya sahani akimaliza, asilimia 39. Dini haikuguswa, imani haikuguswa. Faida ya chanjo iko mbali na huioni, usumbufu uko leo na unauona, siku ya kliniki ni siku ya kibarua imepotea. Punguza usumbufu au ongeza kitu kidogo leo, watu wanakuja.

Mimi eneo langu tumeanza kumuomba muuguzi wa chanjo atoe tarehe zisizogongana na siku ya gulio. Da mkubwa nesi, kwenu mnaweza kubadilisha siku ya kliniki au ni lazima itoke wilayani?

---

Nesi wa zamu ya usiku

Kwetu siku ya kliniki anapanga mganga mfawidhi na kamati ya kituo. Ombeni kwa barua kupitia mwenyekiti wa mtaa, andikeni na siku ya gulio na idadi ya watoto waliopotea, leteni mapema kabla kamati haijakaa.